Kuandika tarehe kwa Kiingereza: maswali ninayoulizwa kila wiki hapa Moshi

Meza yangu iko ndani ya steshenari, Moshi mjini. Watu huleta barua za kuomba kazi, CV, viapo, ratiba za wageni wa mlimani, na mimi huchapa na kusahihisha. Kosa linalorudi kuliko yote halihusu maneno magumu. Ni tarehe: niweke *on* au *in*, niweke *the* au niache? Nimekusanya hapa yale ninayoulizwa mara nyingi. Ya mwanzo ni ya kila mtu; ya mwisho ni ya wenye kazi za ofisini na za utalii.

## Msingi

1. Kuna kanuni moja ya kushika kichwani kabla ya nyingine zote?

Ipo. Angalia ukubwa wa muda unaoutaja. Siku huchukua *on*. Mwezi, mwaka, muongo na karne huchukua *in*. Saa huchukua *at*.

Chukua Azimio la Arusha. Unaweza kuandika *The Arusha Declaration was published on 5 February 1967*, au *in February 1967*, au *in 1967*. Tukio ni lile lile na mwaka ni ule ule, ila kihusishi, yaani kile kineno *on*, *in* au *at*, kinafuata kipande kidogo kuliko vyote ulichokitaja. Ukishataja siku, hata ukiifuatisha mwezi na mwaka, siku ndiyo inayotawala, kwa hiyo ni *on*. Wengi huona mwaka 1967 pale mwisho, wakakimbilia *in*. Mwaka hauna sauti hapo.

2. Kwa nini sisi tunaipenda sana *in*?

Kwa sababu Kiswahili hakituulizi ukubwa wa muda. Tunasema mnamo tarehe 5 Februari, mnamo Februari, mnamo 1967, na "mnamo" haibadiliki. Mara nyingi hata hatuiweki: "Alizaliwa tarehe 3 Machi," basi, sentensi imekamilika. Tukifika kwenye Kiingereza tunatafuta neno la kuziba pengo, na la kwanza kuja ni lile tulilofundishwa kuwa ni "katika". Ndipo inapozaliwa *born in 3rd March*.

Kuna mdogo wake kosa hilo: *born on date 3 March*. Neno "tarehe" tunalihitaji sisi. Kiingereza hakilihitaji mbele ya namba ya siku. Kwenye fomu, pale palipoandikwa *Date* kisha nafasi ya kujaza, ni sawa; ndani ya sentensi liache.

3. Na siku za wiki?

*On Monday*, *on Friday*. Herufi kubwa mwanzoni, bila *the*. Kama ni jambo la kila wiki, tuseme siku ya gulio, ongeza s: *on Mondays*.

Tatizo ninaloliona mezani si kihusishi bali ni siku yenyewe. Sisi tunahesabu kutoka Jumamosi, kwa hiyo Jumatano ni ya tano. Halafu inakuja Alhamisi, jina la Kiarabu lenye maana ya tano vile vile. Tano mbili zinafuatana! Mtu akianza kuhesabu kwa vidole ili apate jina la Kiingereza, anapotea. Jumanne na Alhamisi ndizo zinazobadilishana zaidi, maana *Tuesday* na *Thursday* zinafanana machoni. Ushauri wangu ni kuandika siku na tarehe pamoja: *on Thursday 7 August 2025*. Ukikosea moja, nyingine itakushtaki kabla mteja hajakushtaki.

4. Ni wakati gani siweki kihusishi kabisa?

Mbele ya *last*, *next*, *this*, *every*, na mbele ya *yesterday*, *today*, *tomorrow*. Andika *We arrived last Friday*. Ukiandika *on last Friday* umeongeza chumvi kwenye chakula kilichokwisha kuungwa.

## Kile kineno *the*

5. Ni *5 July*, *5th July* au *the 5th of July*?

Kwa maandishi ya leo, *5 July* inatosha na ndiyo safi kuliko zote. Mwingereza akiisoma kwa sauti atasema *the fifth of July*. Hivyo *the* na *of* vipo mdomoni mwake ingawa havipo kwenye karatasi. Hapo ndipo tunapochanganyikiwa, kwa sababu tunaandika nusu ya tunachosikia na nusu ya tunachoona.

Wachukulie *the* na *of* kama mapacha wanaotembea pamoja. Ama wote waje, *on the 5th of July*, ama wote wabaki nyumbani, *on 5 July*. Makosa mawili ya kila siku ni *on the 5 July*, pacha mmoja kaja peke yake, na *on 5th of July*, amekuja yule mwingine. *5th July* bila mapacha utaikuta kwenye barua nyingi na haitakufukuzisha kazi, ila ofisi nyingi siku hizi zimeacha ule mkia wa *th*.

Kuna mahali ambapo *the* ni lazima: ukitaja siku bila mwezi. Mmekwisha kuzungumza kuhusu Julai, sasa unaandika *The driver will be at the gate on the 5th*. Bila *the* hapo, sentensi inachechemea.

6. Mwaka na mwezi vinahitaji *the*?

Hapana. *In July*, *in 1933*. Ukitaka kulitumia neno "mwaka" lenyewe, ndipo *the* inaingia: *in the year 1933*. Huwa nalifuta. Linafaa hotuba kuliko barua.

Lakini muongo na karne haviendi bila *the*. Chama cha ushirika cha kahawa cha KNCU kilianzishwa hapa *in 1933*. Ukizungumzia kipindi kile chote utasema *in the 1930s*. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni Kilimanjaro *on 6 October 1889*, yaani *in the 19th century*. Usiweke alama ya ritifaa (') kabla ya ile s ya 1930s. Watu huipenda sana na sijui nani aliwafundisha.

7. Nitajuaje ni *st*, *nd*, *rd* au *th*?

1, 21 na 31 huchukua *st*. 2 na 22 *nd*. 3 na 23 *rd*. Zilizobaki zote *th*. Mtego uko kwenye 11, 12 na 13, ambazo ni *th*. Ukiandika *5 July* kama nilivyoshauri katika swali la 5, hesabu hii yote huihitaji.

8. Sikukuu je?

Hapa usikivu unahitajika kidogo. Siku yenyewe ni *on*: *on Christmas Day*, *on Union Day*, *on Saba Saba Day*, zote bila *the*. Kipindi cha sikukuu ni *at*: *at Christmas*, *at Easter*. Kwa Ramadhani, ambayo ni mwezi, ni *in Ramadan* au *during Ramadan*.

Mtu wa Moshi anapaswa kuijua vizuri tofauti hii, kwa sababu Desemba magari yote ya kutoka Dar yanaelekea huku. Ukimwandikia bosi *I will be in Moshi on Christmas Day*, umeomba siku moja. Ukiandika *I will be in Moshi over Christmas*, umemwambia kwamba utakuwepo kipindi chote, na ndizi zikiisha ndipo utarudi.

## Barua, CV na matangazo

9. Nikirejea barua ya mtu, niandike *dated on*?

Usiandike. Ni *your letter dated 12 May 2025* au *your letter of 12 May 2025*. Chagua moja. *Dated* imekwisha kufanya kazi ya kihusishi. Na *of dated*, ambayo nimeiona kwa macho yangu kwenye barua yenye mhuri, haipo popote.

10. Kwenye CV, "kuanzia 2019 hadi leo" inaandikwaje?

*From 2019 to date*, au *from 2019 to the present*. Kinachoandikwa na wengi ni *from 2019 up to date*. *Up to date* maana yake ni kitu cha kisasa, au taarifa zisizopitwa na wakati. Anayeisoma anaelewa unachokusudia, ila ameshakuwekea alama ndogo ya penseli pembeni.

Maneno haya huenda mawili mawili: *from* na *to*, *between* na *and*. *From 2019 and 2023* ni ndoa isiyo halali. Ukitumia kistari, *2019–2023*, achana na *from*.

Halafu *since* na *for*. *Since* hutaja mwanzo: *I have worked as a guide since 2019*. *For* hutaja urefu: *for six years*. Kiswahili kinaweza kusema "tangu miaka sita iliyopita" bila aibu, ndiyo maana tunaandika *since six years*. Mwajiri mzungu ataisikia hiyo kama sahani iliyoanguka jikoni.

11. "Mwisho wa kutuma ni Ijumaa": ni *by* au *until*?

Swali hili ndilo lililowagharimu watu wengi zaidi kati ya wote ninaowahudumia, na chanzo chake ni neno letu "hadi". Tunasema "ofisi itakuwa wazi hadi Ijumaa" na "leta fomu hadi Ijumaa", na hakuna anayeshtuka. Kiingereza kinayatenganisha mambo haya mawili. Jambo linaloendelea bila kukatika mpaka siku fulani ni *until*: *The office is open until Friday*. Jambo la mara moja linalotakiwa kukamilika kabla siku hiyo haijaisha ni *by*: *Submit the form by Friday*. Ukimwambia mtu *submit the form until Friday*, umemwambia aiwasilishe fomu, kisha aiwasilishe tena, aendelee hivyo hivyo mpaka Ijumaa.

*By 30 June* inaijumuisha tarehe 30. *Before 30 June* haiijumuishi. Siku yako ya mwisho ni 29. Ndiyo sababu matangazo ya zabuni yanapenda *on or before 30 June* au *not later than 30 June*: hayataki ubishi mlangoni. Ukiandika tangazo lako, ongeza na saa: *by 4 p.m. on 30 June 2025*.

12. "Kuanzia tarehe 1 Julai"?

*With effect from 1 July*, au kwa wepesi zaidi *from 1 July*. Barua za ofisini hufupisha ile ya kwanza kuwa *w.e.f.*, ndani ya nyumba ni sawa, kwa mtu wa nje andika kwa urefu.

13. "Mwanzoni mwa Juni", "katikati", "mwishoni"?

*At the beginning of June*, *in mid-June*, *at the end of June*. Ukiwa na haraka, *in early June* na *in late June*. Majira yetu ya mvua na ya ukame huchukua *the*: *during the long rains*, *in the dry season*. Mgeni asiyejua masika ni lini mwongezee *from March to May*. Kwake *the long rains* pekee halimwambii chochote.

## Wageni wetu, na kalenda zao

14. Kwa nini Mmarekani anaandika *July 5, 2025*?

Ndio utaratibu wao: mwezi kwanza, kisha siku, koma, mwaka. Ndani ya sentensi huweka koma nyingine baada ya mwaka: *On July 5, 2025, we will meet you at the airport*. Kwa utaratibu wa Waingereza, ambao ndio tuliofundishwa sisi shuleni, ni *5 July 2025* bila koma katikati.

Mmarekani pia hukiacha kihusishi mara nyingi: *We arrive July 5*, *See you Monday*. Kwake si kosa. Wewe endelea na *on*; haijawahi kumkera mtu yeyote. Wikiendi nayo ina pande mbili: Mwingereza husema *at the weekend*, Mmarekani *on the weekend*.

15. Mgeni kaandika 07/08/2025. Nielewe nini?

Usielewe chochote mpaka umwulize.

Sisi tunaisoma kuwa tarehe 7 Agosti, mkesha wa Nane Nane. Mmarekani anaisoma kuwa Julai 8, siku moja baada ya Saba Saba. Kati ya sikukuu zetu hizo mbili umepita mwezi mzima, na hoteli imelipwa kwa tarehe isiyo yake. Angeandika 07/07 au 08/08 tusingekuwa na ugomvi, maana kushoto kulia ni kule kule. Angeandika 25/12, namba 25 ingejitetea, kwa sababu hakuna mwezi wa 25. Hatari iko kwenye siku 12 za kwanza za kila mwezi, ukitoa ile moja ambayo namba zinafanana. Piga hesabu: siku 11 mara miezi 12, ni siku 132 kwa mwaka.

Mimi mwenyewe nimo. Nilichapa ratiba ya kampuni moja ya utalii, mgeni alikuwa ameandika 03/02, nami nikaiweka kuwa *3 February* bila kuuliza. Dereva alikaa uwanja wa ndege wa KIA na kibao chenye jina la mgeni tangu asubuhi mpaka jua linazama. Mgeni alikuwa kwao bado hajafunga hata begi. Alikusudia Machi 2. Dereva hakunigombeza, alinipigia simu tu akaniuliza, "Mwalimu, huyu mtu yupo kweli?" Tangu siku ile hakuna mwezi unaotoka kwenye meza yangu ukiwa namba.

Dawa ni hiyo: andika mwezi kwa herufi. *7 August 2025* na *August 7, 2025* haziwezi kusomwa vibaya na yeyote. Ule mpangilio wa kimataifa wa ISO 8601, mwaka kwanza, 2025-08-07, ni mzuri kwa majina ya mafaili kwenye kompyuta kwa sababu yanajipanga yenyewe. Kwenye barua kwa mtu mwenye roho na damu, hapana.

16. Safari ya siku kadhaa naiandikaje?

*From 5 to 9 July*, au kwenye jedwali *5–9 July*. Azimio la Arusha, kabla ya kutangazwa, lilijadiliwa na Halmashauri Kuu ya TANU hapo Arusha *from 26 to 29 January 1967*. Mmarekani anayetaka uhakika kwamba siku ya mwisho imo atasema *July 5 through July 9*. Ukiona *through*, hesabu na tarehe 9. Kwa ratiba za malazi mimi huongeza idadi ya usiku, *four nights*, maana siku tano hulalwa usiku nne na hapo ndipo bili zinapogombana.

## Saa, usiku, na mengine magumu

17. *In the morning* lakini *on Monday morning*. Kwa nini?

Rudi swali la 1. *In the morning*, *in the afternoon*, *in the evening* zinasimama zenyewe, na *the* imo. Siku ikitajwa tu, inatawala: *on Monday morning*, *on the morning of 9 December*. Usiku una njia yake: *at night*, bila *the*. Adhuhuri ni *at noon*.

Ukichanganya saa na tarehe, saa hutangulia: *at 8 a.m. on 5 July*. Na saa mbili asubuhi yetu ni hiyo *8 a.m.*; bado kuna wanaoandika *at 2 a.m.*, mgeni akaamka usiku wa manane kusubiri chai.

18. "Usiku wa kuamkia Jumamosi" kwa Kiingereza?

Hili huletwa na waongozaji wa mlima, na wana haki, kwa sababu safari ya kilele huanza karibu na saa sita usiku ili jua liwakute juu. Kwa hesabu yetu ya asili siku huanza jua likizama, kwa hiyo usiku ule tayari ni mali ya Jumamosi. Kwa Kiingereza bado ni *Friday night* mpaka saa sita. Baada ya hapo ni *in the early hours of Saturday*. Ukitafsiri moja kwa moja *on Saturday night*, umewachelewesha wapandaji siku nzima.

*At midnight on Friday* nayo ikwepe. Wapo wanaoielewa kuwa Ijumaa inaanza, wapo wanaoielewa kuwa inaisha. Andika *at 11.30 p.m. on Friday 8 August 2025*, kila mtu atakuwa amevaa viatu.

19. *Next Friday* ni Ijumaa ipi?

Ukiisema Jumatano, mmoja atasikia keshokutwa, mwingine wiki ijayo. "Ijumaa ijayo" yetu ina ugonjwa huo huo. Weka tarehe.

20. Wakili kaandika *this 5th day of July 2025*. Nimsahihishe?

Muache. Viapo na mikataba ina lugha yake ya zamani: *Dated at Moshi this 5th day of July 2025*. Hapo mkia wa *th* unatakiwa, *of* inatakiwa, *on* haitakiwi, na *at Moshi* ni desturi ya mahakamani ingawa kwenye barua yako utaandika *in Moshi*. Kazi yako ni kuhakikisha namba ya siku imejazwa kabla ya mhuri kugongwa, maana nafasi hiyo huachwa wazi na wengi huisahau.